Kuutazama Mji Kutoka Juu ya Maktaba

Wageni wengi waingiao katika maktaba kuu ya mji wa Birmingham, Uingereza, hawaendi kusoma bali kupanda. Jumba hilo, lililofunguliwa tarehe 3 Septemba 2013, limejengwa mithili ya masanduku yaliyopandana, na nje limevikwa pete za chuma zilizofumana. Ghorofa ya 3 ina roshani yenye bustani. Ya 7 ina nyingine iitwayo Bustani ya Siri. Na katika ya 9 pana mahali pa kutazamia mji, karibu na chumba cha ukumbusho wa Shakespeare, chenye mbao zilizochongwa, kilichotengenezwa mwaka 1882 kwa ajili ya maktaba ya zamani. Kiingilio hakuna. Basi mwenye kamera, au simu tu, hupita kando ya rafu pasipo kugeuza shingo, akashika ngazi za umeme, kisha lifti, hata afike juu.

Na kweli huko juu pana mengi ya kupiga picha. Chini kuna uwanja mpana, na pembeni mwake lile jengo jeupe la mawe, lililofunguliwa mwaka 1925 kuwakumbuka wenyeji wa mji 12,320 waliouawa katika vita vya kwanza vya dunia. Kwenye roshani za wazi picha hutoka safi. Palipo na kioo, mpigaji asiposogeza kamera hata iguse kioo, hujikuta amepiga sura yake mwenyewe.

Kijana mmoja wa Taita, aliyekuwa akisoma katika mji huo, alijua hila zote hizo. Baba yake, mwalimu mstaafu, alikuwa ameuza sehemu ya shamba ili ampeleke, na kila juma alipokea picha: mapaa, mawingu, taa za jioni. Siku moja mzee akamwandikia: “Mwanangu, mji nimeuona, nao ni mzuri. Sasa nionyeshe mahali unapoketi kusoma.” Kijana alikaa siku nne bila kujibu. Mtihani wa kwanza ulikuwa umemshinda, na nyumbani hawakuwa na habari.

Alirudi maktabani, akasimama juu ya ule uwazi wa katikati ambao umezungukwa na rafu za vitabu, akaelekeza kamera kwa wasomaji walioketi chini. Mama mmoja alikuwa amesinzia juu ya gazeti. Mwanamume wa makamo alikuwa akiandika barua, akifuta na kuandika tena. Akaishusha kamera. Mapaa hayana haya, lakini mtu aliyesinzia ana heshima yake, na kumpiga picha kutoka juu bila yeye kujua ni karibu na kumwibia.

Maktaba hiyohiyo ina hazina ya picha zipatazo 22,000 za Sir Benjamin Stone, mbunge wa mji huo, ambaye mwaka 1897 alianzisha chama cha kuhifadhi desturi za Kiingereza kwa picha. Stone aliwasimamisha watu mbele yake, uso kwa uso, nao wakajua wanapigwa picha. Ndiyo maana sura zao zinasomeka hata leo.

Wala meza za chini si jambo dogo. Mwaka 2015, fedha za halmashauri ya mji zilipopungua, saa za kufungua maktaba zilikatwa kutoka 73 hadi 40 kwa juma. Mpiga picha alipoteza machweo machache. Asiye na chumba kitulivu nyumbani alipoteza meza.

Kijana akaitafuta meza karibu na dirisha, akaketi mpaka kengele ya kufunga. Usiku ule alimwandikia baba yake, habari za mtihani kwanza, kisha picha ya meza na kitabu kimoja kilichofunuliwa. Mzee hakusema neno juu ya mtihani. Aliuliza kitabu hicho kina kurasa ngapi, na amefika ya ngapi.