Mama mmoja aliniuliza habari za Meksiko

Wiki iliyopita mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Kalehe aliningojea nje ya studio. Alikuwa amesikia kwamba mimi nilifika Meksiko. "Mwanangu," akaniambia, "kijana wangu yuko kule. Muji unaitwa Tapachula. Mutu akifika katika miji ya kule, anafanya namna gani ili abaki salama?"

Tapachula sikufika. Mimi nilikaa siku kumi Mexico City, mwezi wa Septemba 2023, kwenye mafunzo ya watu wa redio za jamii. Nilikuwa na paspoti, visa na barua ya mwaliko. Kijana wake amepita porini na mitoni. Safari zetu hazifanani, na sitaki kujifanya kwamba zinafanana. Lakini kosa nililofanya kule ni kosa ambalo hata yeye anaweza kulifanya, na lilinigharimu mimi na jamaa yangu.

Nianze na karatasi, maana ndizo zinazoulizwa kwanza. Mkongomani anahitaji visa ya Meksiko, isipokuwa kama tayari ana visa halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya inchi za Schengen. Mimi nilivuka Ruzizi, nikapandia ndege Kigali, nikabadilisha Istanbul. Kule uwanjani afisa aliniuliza: unalala wapi, unarudi lini, nani anakulipia? Mwenzangu mmoja alikuwa na majibu yote ndani ya simu, na simu ilikuwa imezimika. Alikaa kwenye benchi karibu saa mbili. Chapisha kila kitu kwenye karatasi. Na afisa akigonga muhuri, soma papo hapo idadi ya siku alizokuandikia, usingoje kufika hotelini. Kile kikaratasi cha manjano cha chanjo usikiache nyumbani, kwa sababu utaulizwa ukirudi Kongo.

Taksi ya uwanja wa ndege unailipia ndani, kwenye kibanda, unapewa tiketi kabla ya kutoka nje. Anayekufuata mlangoni akikuambia bei nzuri, muache kama unavyomuacha motari usiyemjua saa nne za usiku.

Muji wenyewe uko juu sana, mita 2,240, na sisi wa Bukavu tumezoea kama mita 1,500. Siku ya kwanza ngazi tu zilinikatisha pumzi, nikafikiri ni uzee. Pumzika siku hiyo na unywe maji mengi, lakini yasiwe ya bomba. Hata wenyeji wananunua maji ya kunywa katika madumu makubwa ya lita 20.

Kuna jambo moja la kule ambalo watu wa Kivu wataelewa haraka. Ninyi mliokuwa hapa asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, mnakumbuka tetemeko. Mexico City imejengwa juu ya ziwa la zamani lililokaushwa, kwa hiyo udongo wake ni laini na unatikisika zaidi kuliko mwamba. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lililoanzia mbali, pwani ya bahari ya Pasifiki, liliua maelfu ya watu muji ule. Baadaye wakaweka mitambo inayolisikia tetemeko kule pwani na kupiga king'ora mujini kabla mawimbi hayajafika. Mara nyingine unapata dakika nzima. Lakini tetemeko likianzia karibu, king'ora kinachelewa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe ileile ya 19 Septemba mwaka 2017, saa chache tu baada ya zoezi.

Kila mwaka tarehe hiyo wanafanya zoezi inchi nzima. Mwaka 2023 nilikuwa pale. King'ora kilipolia mimi nilitoka mbio, nikaacha begi, nikawapita akina mama kwenye ngazi. Wenyeji walishuka polepole, bila kusukumana, wakasimama mahali palipochorwa alama ya kukutania. Walinicheka kidogo, na walikuwa na haki. Ukifika mahali pa kulala, tafuta alama hiyo kabla ya kufungua sanduku. Namba ya dharura ni 911, kwa polisi na kwa wagonjwa pia.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Metro, yaani treni ya chini ya ardhi, ni rahisi: safari moja ni peso 5, wakati ule kama senti 30 za dola. Mabehewa ya mbele wanaachiwa wanawake na watoto wadogo, hasa saa za msongamano, kwa hiyo wanaume tuwe na adabu. Jumatano moja, saa kumi na mbili za jioni, nilipanda nimebanwa na watu pande zote, simu iko mfuko wa nyuma. Niliposhuka mfuko ulikuwa mtupu.

Kuibiwa simu hata hapa Kadutu kunatokea. Ubaya ni kwamba simu yangu haikuwa na namba ya siri, na mimi sikujua kwa kichwa namba hata moja. Hata ya mke wangu! Nilikaa na simu ya kuazima mkononi, sina wa kupigia. Kule wako nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo hapa ilikuwa saa nane za usiku na watu wamelala. Mwizi alipata usiku mzima wa kufanya kazi yake.

Asubuhi jamaa zangu waliamka wakakuta ujumbe kutoka namba yangu, kwa Kifaransa cha kutafsiriwa na mashine: nimepata ajali, niko hospitali, tumeni dola haraka kwa jina fulani. Mke wangu alishangaa, kwa sababu tangu tuoane sijawahi kumwandikia "mke mpendwa" kwa Kifaransa. Akaniuliza kwa Mashi jina la mbuzi wetu. Jibu likaja: tuma pesa haraka. Akanyamaza, akaanza kuwapigia watu simu.

Baba mdogo hakumpata. Mzee wa watu alikuwa amekwisha kuamka mapema, akaazima dola 150 kwenye likirimba, akazituma. Mimi niliwafikia waalikaji wangu kesho yake saa tatu asubuhi, tukaandikia studio, na hapa ilikuwa tayari saa kumi na moja za jioni. Pesa ilikuwa imechukuliwa. Nililipa likirimba dola 30 kila mwezi, miezi mitano. Baba mdogo hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilimweleza yule mama hayo yote, kisha tukaongea juu ya Tapachula. Ni muji wa kusini, karibu na mto Suchiate unaotenga Meksiko na Guatemala, na Wakongomani wengi wamepita pale. Waandishi wa habari na watu wa haki za binadamu wameeleza namna wahamiaji wanavyotekwa upande ule na jamaa zao kudaiwa pesa. Wengine wanapigiwa simu ya uongo tu, kama sisi. Kwa hiyo familia inayobaki huku nayo iko safarini. Nikamwambia: kijana aombe hifadhi kwenye ofisi ya serikali ya wakimbizi inayoitwa COMAR. Asichelewe kuomba, na hakuna malipo, hivyo anayemdai pesa ya foleni ni mwizi. Akiisha kuomba, asitoke katika jimbo la Chiapas bila ruhusa. Aandike namba ya mama yake kwenye karatasi na kuishona ndani ya nguo. Wapange siku na saa ya kupigiana. Na wachague swali moja ambalo yeye peke yake anaweza kulijibu, halafu wakubaliane kwamba bila jibu hilo hakuna pesa, hata sauti ikilia.

Mama alifikiri kwa muda. Akasema swali analo, ni juu ya kitu walichokiacha ndani ya nyumba usiku ule wa kukimbia. Akafungua mdomo anitajie jibu.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hata mimi usiniambie."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tuanze kuongea, akaomba simu yangu ampigie kijana. Kule Tapachula ilikuwa saa mbili za asubuhi.