Chupa Isiyosema Kweli

Nataka kuwaeleza kidogo habari za mafuta ya taa, petroli na dawa ya kulegezea rangi. Vitu hivi vyatufaa sana. Hapa kwetu Nyabiyonza taa za jua zimeingia katika nyumba nyingi, lakini koroboi hazijaisha. Petroli ya pikipiki huuzwa kando ya njia katika chupa za maji ya kunywa, na fundi akichafuka kwa grisi huosha mikono kwa petroli hiyo hiyo. Sisemi tuviache. Nasema kwamba madhara yake mengi hutoka katika jambo moja: twavitendea kana kwamba ni maji.

Kwanza, chombo. Mtoto asiyejua kusoma huijua chupa kwa umbo lake. Akiona chupa ya soda, amekwisha kuisoma: ni kinywaji. Nilipata kumwona mtoto wa jirani, umri wake miaka miwili hivi, aliyerudi na mama yake kuchuma kahawa akiwa na kiu. Alikuta chupa ya mafuta ya taa chini ya kitanda, akanywa funda moja, akaanza kukohoa. Bibi yake alimshika ili amtie vidole kooni, na mtu mwingine akakimbilia maziwa. Muuguzi aliyekaa karibu akasema, "Bibi, nakuomba, usimtapishe!" Mara wakampeleka hospitali pamoja na ile chupa, naye akapona.

Labda mtu atauliza, Kwa nini asitapishwe? Mafuta haya ni mepesi mno, hutambaa upesi. Madhara yake tumboni si makubwa kama yale ya mapafuni. Yakipanda kooni katika kutapika huteleza na kuingia kifuani, na hata kiasi kidogo huko huleta ugonjwa wa mapafu uwezao kuua. Maziwa hayaiondoi sumu hii. Huweza kumtapisha tu. Basi mvue mtoto nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, umpeleke kwa daktari hata akionekana mzima, kwa maana kifua huweza kuharibika baada ya saa kadhaa.

Pili, mvuke. Maji yakimwagika na kukauka, habari yake imekwisha. Petroli ikikauka haikwisha, imegeuka hewa iwakayo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni usionekane mpaka mafigani, kisha moto huufuata na kurudi ulikotoka mvuke. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la digrii 38 hivi au zaidi, lakini petroli huutoa hata katika baridi ya kugandisha maji. Ndiyo sababu koroboi iliyotiwa petroli, au mafuta yaliyochanganywa nayo, huweza kulipuka.

Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, na watu wakaja na madumu kuteka. Moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Huko Sange, Kongo, tarehe 2 Julai 2010, yalitokea mambo kama hayo, na waliokufa walizidi 200. Harufu waliyoisikia ndiyo iliyokuwa kuni za moto ule.

Tatu, kuzima. Darasani humimina mafuta ya taa kidogo katika bilauri ya maji, nao wanafunzi huona yakielea. Kisha huwauliza, "Mafuta yakiwaka, ukayamwagia maji, itakuwaje?" Hujibu wenyewe: yataelea yakiwaka, na moto utaenea. Basi tumieni mchanga, au blanketi zito lililoloweshwa.

Haya, ndugu zangu, kazi yenyewe si ngumu. Mafuta yakae katika chombo chenye kifuniko, kisichopata kutiwa kinywaji, mahali pa juu pasipofikiwa na mtoto, mbali na jiko. Taa izimwe na kupoa kabla ya kujazwa. Apakaye rangi afungue milango na madirisha, maana mvuke ule huleta kizunguzungu. Mikono ya fundi ioshwe kwa sabuni. Nasi wazazi tuzikague chupa zilizo nyumbani mwetu leo, kabla mtoto hajazionja.