Kabla hujamwita mwanao muongo



Ndugu zangu wazazi, leo nawapa kazi kabla ya maneno. Kama una mtoto wa miaka minne au mitano, chukua glasi mbili zinazolingana, zitie maji sawasawa, umuulize ipi ina maji mengi. Atakwambia ziko sawa. Kisha, mbele ya macho yake, mimina maji ya glasi moja kwenye glasi nyembamba, ndefu. Muulize tena. Wengi watakuonyesha ile ndefu. Ameona ukimimina, hata tone halikuongezeka, lakini kwake maji yamekuwa mengi. Mrudie akifika miaka saba au minane, atalicheka swali lako.

Jaribio hili ni la Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyezaliwa 1896 na kufariki 1980, ambaye aliwachunguza wanawe watatu tangu wakiwa wachanga. Mwalimu mmoja anayeswali nasi ndiye aliyeniazima kitabu, nikakisoma taratibu na kamusi pembeni. Piaget anaona akili ya mtoto si akili ya mtu mzima iliyopunguzwa kipimo. Ni akili ya namna nyingine, nayo hupanda daraja kwa daraja. Mpaka miaka miwili hivi mtoto anaijua dunia kwa kushika na kutia mdomoni. Kutoka hapo mpaka saba ana maneno tele, lakini anatekwa na kile anachokiona. Kuanzia saba anaanza kupima mambo, na karibu na kumi na mbili anaweza kufikiri hata juu ya asichokiona.

Waliomfuata wamemkosoa, kwamba watoto wadogo wanajua zaidi ya alivyodhani na hawapandi wote kwa wakati mmoja. Sawa. Lakini Muislamu akisikia saba, sikio lazima lisimame. Mtume (s.a.w.) ametuagiza tuwaamrishe watoto swala wakifika miaka saba, na mafaqihi wetu wana neno tamyizi, yaani kupambanua, ambayo kwa kawaida huja katika umri huo. Sisemi Piaget ameithibitisha dini. Dini haikuwa ikimngoja yeye. Nasema neno hilo tunalo karne nyingi, na bado tunamhukumu mtoto wa miaka minne kana kwamba tamyizi anayo.

Sasa lililonifanya niandike. Majuzi baada ya Alasiri alinijia baba mmoja amemshika mkono mwanawe wa miaka mitano. "Shehe, nisomee huyu, au nifanyie kombe anywe. Uongo umemkaa." Uongo gani? Mtoto kasema ameona simba nyuma ya duka alipokuwa akirudi madrasa. Kwa simba huyo alikwishachapwa mara mbili, alama ziko mguuni.

Sikumsomea. Nilimuuliza mtoto simba alikuwa mkubwa kiasi gani. Akatanua mikono. Alikuwa anakula nini? Wali, akasema. Tulipoendelea taratibu, kumbe nyuma ya duka lile amefungwa mbwa mpya, na mtoto hupita pale peke yake giza likianza kuingia. Mtume wetu (s.a.w.) alimuuliza mtoto Abu Umayr habari za kindege chake kilichokufa. Aliingia katika dunia ya mtoto, hakumvuta atoke.

Katika kitabu cha 1932 Piaget anaeleza kuwa aliwauliza watoto nani muongo zaidi: anayesema ameona mbwa mkubwa kama ng'ombe, au anayemdanganya mama kuwa mwalimu amempa alama nzuri. Wadogo walimtaja wa mbwa, kwa kuwa mbwa wa namna hiyo hayupo. Wakubwa walimtaja wa alama, kwa kuwa huyo ndiye aliyekusudia kudanganya. Soma tena hapo, ndugu yangu. Sisi ndio watu wa hadithi ya nia, ya kwanza kabisa katika Sahihi Bukhari. Halafu baba mwenye ndevu anapima kwa kipimo cha mtoto wa miaka mitano: simba ni mkubwa, basi uongo ni mkubwa, na bakora iwe nzito.

Najua wapo watakaoniletea hadithi ya miaka kumi. Hadithi hiyo inataja kumi, na inazungumzia swala. Haikutaja mitano, wala simba.

Katika madrasa yetu tumekubaliana na walimu kuwa walio chini ya miaka saba hawaguswi na fimbo. Wazee wawili wamenuna, na ustadhi mmoja ameniuliza atawanyamazishaje. Swali lake ni la haki, darasa lina watoto wengi na yeye yuko peke yake. Kwa hiyo Jumamosi baada ya Isha tutakaa uani mwa msikiti, walimu na wazazi, tuone nani anaweza kumsaidia jioni. Akina baba hasa, njooni. Akina mama huja siku zote. Glasi nitaleta mimi.

Wallahu a'lam.