Kutembezwa Eastlands

Zamani mgeni akija kwetu Shauri Moyo, kumtembeza ilikuwa kazi ya mjomba. Jumamosi alimpeleka Gikomba na Pumwani, kisha akamvusha Barabara ya Jogoo hadi Kaloleni. Mto Nairobi tuliuvuka mbiombio, tumeziba pua.

Kaloleni ndiko alikokawia. Alimwonyesha mgeni nyumba za mawe za miaka ya 1940, na viwanja vya nyasi vilivyoachwa kati ya nyumba na nyumba. Mwisho alimsimamisha mbele ya ukumbi ambao wazee waliuita Bunge, kwa kuwa Waafrika walikutania humo kuzungumza siasa kabla ya uhuru. “Mboya amehutubu humu,” alisema, akigonga ukuta kwa kiganja. Tukirudi kupitia soko la Burma alitukumbusha kwamba Mbotela na Ofafa si majina ya mitaa tu. Tom Mbotela na Ambrose Ofafa walikuwa madiwani wa Nairobi, waliouawa mwaka 1952 na 1953 wakati wa Hali ya Hatari.

Siku hizi wapo vijana wanaotembeza watu kwa malipo, na ziara yao huufuata mto. Nilikwenda nao hadi Korogocho, ambako kikundi cha Komb Green kiliondoa taka zilizorundikana ukingoni kikatengeneza bustani. Kiongozi wetu alisimama juu ya ukingo akatueleza safari yote ya maji yale: yanatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, yanapokea Mto Mathare, yanaingia Athi, na hatimaye humwagika baharini karibu na Malindi. Nimekulia kando ya mto huo na hakuna aliyewahi kunieleza hayo. Alitueleza pia mafuriko ya 2024 na nyumba za ukingoni zilizobomolewa baadaye, bila kuficha uchungu wake.

Nawaheshimu sana vijana hawa. Ila Kaloleni hatukufika, na Mbotela hakutajwa. Hilo linaniuma, kwa sababu mitaa ya zamani inabomolewa kupisha maghorofa, Pangani imeshakwenda. Nilimwambia kiongozi wetu habari za ukumbi ule, naye akataka kujua ni nani mwenye ufunguo. Tumekubaliana twende pamoja tukawatafute wazee wa Kaloleni wangali hai, awasikilize mwenyewe.