Ping kwanza, lawama baadaye
Jana jioni intaneti iligoma hapa nyumbani, na mteja alikuwa akingoja kazi yake saa tatu usiku. Kila mtu akalaumu laini. Mimi nikaketi kwenye seva yangu ya Linux nikapima kwa ping, kutoka karibu kwenda mbali. 127.0.0.1, yaani seva yenyewe: sawa. Ruta, 192.168.1.1: sawa. Kisha 8.8.8.8, nje kabisa: ikajibu! Lakini nilipoandika jina la tovuti, kimya. Basi laini ilikuwa nzima. Iliyolala ni DNS, inayogeuza majina kuwa namba. Nikaweka nameserver 8.8.8.8 katika /etc/resolv.conf, na kazi ikamfikia mteja kwa wakati. Ping iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, nayo ni ya bure. Ijaribuni, wasomaji, kabla ya kumwita fundi.