Chumba cha Mwisho

Mimi ni mzaliwa wa Mkwaja, kijiji cha pwani katika Wilaya ya Pangani, kusini ya Mto Pangani. Ng'ambo ya bahari yetu ni Unguja, na ndiko picha za kwanza nilizoziona zilikotoka. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Bara tulingoja mpaka vituo binafsi kama ITV vilipoanza mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikaja baada yake. Bahari haina kilima cha kuzuia mawimbi ya hewani, kwa hiyo aliyekuwa na jenereta na boriti ndefu za mkandaa alisimamisha mlingoti, akafunga antena, akaielekeza Unguja.

Kazi hiyo nilifundishwa na mjomba wangu, fundi redio wa Pangani mjini. Yeye alipanda paani, mimi nikabaki sebuleni mbele ya kioo.

"Vipi hapo?"

"Chenga tupu, mjomba!"

"Na sasa?"

"Afadhali! Rudisha kidogo!"

Chenga zilikuwa mwalimu mzuri. Zikiwa nyingi, mawimbi ni dhaifu, zikipungua, unakaribia. Picha yenyewe ilikueleza ugonjwa wake, na fundi mwenye macho makini hakuhitaji kipimo kingine.

Saadani ilipopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikijumuisha na eneo la iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, wageni walizidi, na nyumba za kulala wageni zikajengwa ufukweni kuanzia Ushongo kuja kwetu. Kisha mitambo ya analojia ikazimwa, Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, na Tanga mapema mwaka uliofuata. Chenga zikaondoka, na mafundi wengi wakapotea njia. Picha ya kidijitali haikupi onyo la mapema. Inang'aa hadi ukingoni, kisha inagandaganda, inakatika vipandevipande, inazimika. Unaweza kuiona safi leo na usijue kwamba imebakiza desibeli mbili tu.

Ndipo nikaitwa kwenye nyumba moja ya wageni, yenye vyumba vilivyojipanga sambamba na ufukwe. King'amuzi kilikuwa mapokezi, na mwenye nyumba alitaka picha ya HD kila chumba. Fundi aliyenitangulia alijaribu kuvuta waya wa HDMI. Ulipopita mita kumi na kitu, picha ikakataa. Akashauri kuta za mawe zichimbwe, waya mpya upite.

Nikafungua kisanduku cha ukutani. Ndani ya bomba kulikuwa na kebo ya antena aina ya RG6, ya omu 75, shaba ikiwa bado nyekundu. Nikamwambia mwenye nyumba asivunje hata jiwe moja. Kebo ya namna hii, waya wa kati uliozungukwa na ganda la chuma, aliipatia hataza Oliver Heaviside huko Uingereza mwaka 1880, mtu wa telegrafu aliyejisomesha mwenyewe. Kazi inayoiweza ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kinachohitajika ni moduleta. Hiyo hupokea picha ya king'amuzi kwa tundu la HDMI, ikaibana, kisha ikaipandisha kwenye chaneli ya upana wa megahezi 8, kwa mfumo uleule wa utangazaji ambao televisheni za vyumbani zinaufahamu. Chaneli moja ya DVB-T hubeba hadi megabiti 31 kwa sekunde. Picha moja ya HD huridhika na 10 hivi. Nyumba inakuwa na kituo chake, na mgeni anakitafuta kwa rimoti kama kituo kingine chochote.

Baada ya hapo kuna hesabu ya mgawo, na hapo ndipo ufundi ulipo. RG6 hupoteza desibeli 14 au 15 kwa kila mita 100 katika masafa ya megahezi 500. Spliter ya njia nane hula nyingine 11. Ukigawa ovyo, chumba cha jirani na mapokezi kinazidiwa na mawimbi mpaka televisheni inachanganyikiwa, na cha mbali kinakosa kabisa. Kwa hiyo mimi hutumia tapu zenye vipimo tofauti: vyumba vya karibu huchota sehemu ndogo, vya mbali huchota kubwa, na tundu lisilotumika hufungwa kwa kizibo cha omu 75 ili mawimbi yasirudi nyuma. Konekta za nje nazibana kwa koleo maalumu na kuzifunika kwa utepe wa mpira, maana kusi na kaskazi zote huleta chumvi, na chumvi huifanya shaba kuwa kijani.

Mwisho wa laini, karibu kila nyumba niliyofanyia kazi, ni chumba cha wafanyakazi. Wenye nyumba huniambia, "Huko weka chochote, fundi." Sikubali. Hapo ndipo ninapoanzia kupima. Kikipata desibeli 55 za mikrovolti, nina hakika kwamba wote waliotangulia wamepata haki yao, na mpishi na mlinzi nao wanaona kama mgeni aliyelipa. Juni 2019, Taifa Stars waliporejea AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, Samatta alipofunga bao la pili dhidi ya Kenya, chumba cha wafanyakazi kiliruka pamoja na ukumbi wa wageni. Mechi tulipoteza 3–2, lakini hakuna aliyeikosa.

Siku hizi nafundisha vijana, na wengi huniuliza kama kebo hii si ya zamani, kwa kuwa intaneti inakuja. Ije, nami nitaifunga. Kila njia ya kusambaza ina kiasi chake, na mtu wa mwisho katika laini hana wa kumsemea isipokuwa fundi. Kijana wangu, ukifika kazini, usiwashe mita yako mapokezi. Nenda kwanza mwisho wa laini, andika ulichokikuta, kisha rudi uanze kugawa.