Hotuba yangu ya kwanza ilianguka

Wenye kutengeneza gazeti letu wameniomba niwaeleze namna ya kutayarisha hotuba ya kuvuta watu. Wamenichagua kwa sababu mimi ni kapita wa wanafunzi, na watu wanafikiri kapita anajua kusema. Kumbe mwezi wa kumi nilisema mbele ya wakubwa wote wa enterna, na hotuba yangu ilianguka kama bidoni tupu. Nitaanza hapo.

Habari ya maji mnaijua. Tangu pampu kuharibika, wadogo walioingia mwaka huu ndio walikuwa wanateremka kwenye chemchemi saa kumi na moja asubuhi kuchota maji ya jikoni. Sisi wakubwa tulilala mpaka kengele. Siku moja mdogo mmoja aliteleza pale kwenye mawe, akavunjika mkono. Direkta wa disiplini angeweza kutoa amri, lakini amri ya namna hiyo inafuatwa siku tatu, kisha bidoni zinarudi kichwani kwa wadogo. Nilitaka wakubwa wakubali wao wenyewe.

Basi nikaandika kurasa nne kwa Kifaransa. Niliweka ndani haki, taifa, wajibu, na mengine ya ukubwa huo. Nilisoma bila kuinua macho. Katikati mtu mmoja wa nyuma akasema "Amina!" kwa sauti ya mchungaji, chumba chote kikacheka. Mwishoni walipiga makofi vizuri sana. Kesho yake wadogo waliteremka peke yao kama siku zote. Rafiki yangu wa kitanda cha karibu akaniuliza: "Kapita, ulisema muzuri. Lakini ulitaka tufanye nini?" Nikatafuta katika kurasa zangu nne. Haikuwamo.

Juma lile mwalimu wa Kifaransa alikuwa anatusomesha hotuba ya Patrice Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960, pale Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Mfalme Baudouin alisema kwanza, akafuata Rais Kasa-Vubu, kisha Lumumba, ambaye hotuba yake haikuandikwa katika programu ya siku ile. Mfalme alikuwa ameketi pale pale, lakini Lumumba aliwaelekea Wakongo. Mimi nilidhani nguvu yake iko katika maneno makubwa. Mwalimu akatuonyesha kitu kidogo: Lumumba alikumbusha kwamba mtu mweusi aliambiwa "tu", wala si kwa urafiki, kwa sababu "vous" ilikuwa ya Wazungu peke yao. Silabi moja! Kila mzee aliyesikiliza kwa radio alikuwa nayo katika sikio lake mwenyewe, hakuhitaji kufasiriwa. Tena mwalimu akasema Mfalme alikasirika sana, na wakati wa chakula, siku ile ile, Lumumba alisema tena maneno mengine, ya upole. Kwa hiyo hata yeye hakuwavuta wote kwa hotuba moja. Jambo hilo lilinituliza kidogo.

Nikaacha karatasi. Asubuhi nikashika bidoni ya lita 20, nikateremka na wadogo. Kupanda mpaka jikoni nilipumzika mara tatu, mimi wa miaka 18. Lita 20 ni kilo 20. Mdogo mmoja nilimpeleka kwenye mizani ya dispansere: kilo 34.

Usiku niliwauliza wakubwa mmoja mmoja, bila kubishana: kwa nini hutaki? Wachache walitaja uzito. Wengi walisema: "Sisi pia tulibebaka, nani alituhurumia?" Na wawili, kwa sauti ya chini, walisema ya kweli zaidi: hawataki wasichana wawaone na bidoni kichwani. (Dada zetu mtusamehe.) Basi mimi katika kurasa nne nilikuwa nimejibu maneno ambayo hakuna mtu aliyasema, na haya mawili sikuyagusa hata kidogo.

Niliomba tena dakika tano, mara hii baada ya chakula cha jioni, sahani zikiwa bado mezani. Katika kaye nilikuwa na mistari sita tu. Nilikuwa nimeijaribu kwa sauti nyuma ya jiko mara nyingi, mpaka mama mpishi akaniuliza kama nina homa. Nikasema kwa Kiswahili chetu hiki tunachosemaka. Nikauliza: "Nani anakumbuka asubuhi alimwanga maji yote karibu na mlango, akarudi chini?" Wakacheka, kila mmoja akaanza kueleza yake. Moyo ulikuwa unanipiga, nilitaka kuendelea haraka, lakini niliwaacha wamalize. Kelele ilipopungua nikasema kilo 20, kilo 34. Kimya. Nikasema pia kwamba ni kweli, hakuna aliyetuhurumia, nilikuwamo. Halafu nikaomba kitu kimoja: kila mkubwa siku moja kwa juma, saa kumi na moja, wakati wasichana bado wamelala. Wakacheka tena, lakini si juu yangu. Jumatatu mimi wa kwanza. Anayekubali anyooshe mkono sasa, niandike jina.

Hapo mmoja akasimama: "Na egzameni ya Serikali? Tutasoma saa ngapi?" Hilo sikulitayarisha. Nilisema, "Tutaona," na niliona mikono ikishuka kwa macho yangu. Ningekuwa nimelipima: kwenda na kurudi ni dakika 25. Mkitayarisha hotuba, swali mnaloliogopa mliandikie jibu mbele ya kuandika kitu kingine chochote, mimi nimelipa bei yake.

Ilibaki mikono 31 katika watu 58.

Jumatatu tulifika 19. Yule wa "Amina" alikuwamo. Hakusalimu mtu, alichukua bidoni mbili akateremka. Wadogo walibaki wamesimama mlangoni na ndoo zao, hawajui kama warudi kulala.